Gari imekata moto: ununue mashine, ushike mita, ama uazime spea ya jirani?

Shemeji yangu kanunua Probox mwezi uliopita, gari yake ya kwanza, na kabla haijamzimikia hata mara moja ashanijia nyumbani asubuhi chai sijamaliza, "Shemeji, ninunue mashine ya kusoma kodi ama ninunue mita?" Kodi hapa si ya nyumba wala ya serikali, ni zile namba za makosa kompyuta ya gari inazoandika, na mita ni ile ya kupimia umeme. Dada yake akamwambia akae kwanza anywe chai. Lakini swali lake lina maana, na si yeye peke yake, hapa Malindi kila mwenye gari ya petroli kuna siku atafika hapo, stata inazunguka vizuri, taa zinawaka, redio inaimba, injini haishiki, ama inashika lakini inamisi kama mtu mwenye kwikwi, na fundi akishasema tu "hii ni umeme hii" basi ujue pochi yako ishafunguliwa.

Mie si fundi, sina cheti, nina risiti. Nilikuwa na Corolla ya distribyuta, kile kidude kimoja kinachozigawia plagi zote moto, nikaja nikawa na Probox, na tuktuk ninayo mpaka leo anaiendesha kijana mmoja wa mtaa wa Barani, na zote tatu zimewahi kunizimikia kwa shida ya moto wa plagi na kila moja ikapona kwa njia yake. Kuna watu wa mashine, kuna watu wa mita, na kuna watu wa kuazima, yaani unachomoa kifaa cha mwenzako ambacho unajua ni kizima unakitia kwako uone. Kila kundi linalicheka jingine. Mie nimepita kwa wote watatu na nimelipa kiingilio kote.

Mfumo wenyewe usikutishe. Betri inatoa volti 12, koili inazipandisha mpaka elfu ishirini, thelathini, nyingine arubaini, ili cheche iruke pale kwa plagi. Ila koili haipandishi kitu mpaka umeme unaopita ndani yake ukatwe ghafla, tena ukatwe wakati uleule pistoni inakaribia juu. Zamani mkataji alikuwa poinzi, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana ndani ya distribyuta, wenye Land Rover za kizee wanavijua, unasugua kwa msasa, unapima nafasi ya milimita 0.4 hivi, safari inaendelea. Elektroniki ni kazi ileile ila anayekata ni transista. Kwenye Corolla yangu ilikuwa ndani ya kidubwasha kinachoitwa ignaita, kwenye Probox imo ndani ya koili yenyewe na kila plagi ina koili yake juu ya kichwa, na tuktuk ina CDI ambayo yenyewe inakwenda kinyume, inajaza kapasita volti mia mbili mia tatu hivi halafu inazimwaga zote kwa koili kwa mpigo. Halafu lazima awepo wa kusema "sasa", huyo ni sensa ya krenki ama picap, inayoangalia injini imezunguka mpaka wapi. Basi, hakuna uchawi mwengine. Betri, swichi, koili, mkataji, mpiga saa, waya, plagi, na athi, ile njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari, inayowarudisha wote nyumbani.

Sasa ile Corolla. Ilikuwa na tabia ya kuzima saa saba mchana. Asubuhi haina neno, jioni haina neno, lakini nikitoka Mambrui jua la utosi nikifika daraja la Sabaki inakata, kimya, kama mtu kazima swichi. Nakaa pembeni nusu saa naangalia yale maji mekundu yanavyokwenda baharini, najaribu tena, inawaka kama haijafanya lolote. Fundi wa kwanza alikuja na pikipiki mpaka pale pale darajani, akachomoa plagi akaikuta kavu, haina hata harufu ya petroli, akasema pampu. Tukabadilisha pampu. Wiki ileile, Sabaki tena. Safari hii tukaivuta mpaka gereji akajaribu moto wa plagi, upo, wa buluu, mzuri kabisa, akasema basi si umeme. Tukabadilisha plagi hivyohivyo, halafu filta, halafu betri. Gari ikawa nzima kila mahali isipokuwa pale ilipokuwa inaumwa.

Kumbe kuna mambo mawili yeye hakuyajua na mie sikuyajua. Toyota zile, ignaita kila ikikata umeme inarudisha ishara kwa kompyuta ya gari kusema nimekata, na kompyuta ikiikosa ile ishara mara kadhaa mfululizo inafunga petroli makusudi, isije ikamwaga petroli mbichi kwenye silinda na ekzosi. Kwa hiyo plagi kavu si lazima iwe pampu, inaweza kuwa umeme umejifanya petroli. La pili, ignaita iliyoanza kuharibika inafanya kazi ikiwa baridi na inagoma ikipata joto, na sisi tuliivuta mpaka mjini, ikapoa njiani, ikafika gereji imepona. Kupima gari iliyopona ni kama kumpeleka mtoto hospitali homa ishashuka, daktari atakwambia mtoto hana kitu. Toka siku hiyo kifaa chochote nakipima kwa swali moja tu, kitanifaa nini pale Sabaki dakika ileile imezima na homa bado ipo.

Haya, tuanze na mashine manake ndo kila mtu anaitaka. Sisemi ile kubwa ya gereji yenye skrini, nasema kile kiadapta kinaingia kwa soketi ya pini 16 chini ya dashbodi kinaongea na simu kwa bluetooth, bei yake ni ndogo kuliko koili moja orijino. Uzuri wake ni kwamba kompyuta ya gari inaandika kosa hata kama wewe hukuwa unaangalia, ikimisi kule Gongoni asubuhi ukaja kuisoma usiku nyumbani bado utakuta imeandikwa. Mita haiwezi hilo, mita inaona sasa hivi tu. Ukikuta P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, mpaka P0304, na P0300 ni kumisi kunakohamahama. P0351 mpaka P0354 ni mzunguko wa koili yenyewe, P0335 ni sensa ya krenki, P0340 ni ya kamshafti. Na ikiwa taa ya injini inawaka na kuzimika wakati unaendesha, hiyo usiisubiri mpaka nyumbani kwa mwendo wa harusi, toa mguu kwa mafuta, manake petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye katalisti, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, na utaiua.

Shida inaanza pale watu wanapodhani kodi ni jibu. Kodi inakutajia mtaa, haikutajii nyumba. P0302 inasema silinda ya pili haikuchoma sawasawa, basi, haijasema koili. Inaweza kuwa plagi, koili, injekta, hewa inayopenya pembeni, valvu, hata kompresheni. Nimeona mtu kauziwa koili nne kwa P0302 moja na gari ikatoka gereji inamisi vilevile.

Lakini kwa Probox, mashine ukiichanganya na kuazima, hakuna kinachoishinda. Koili imeshikwa na bolti moja tu ya spana 10. Chomoa ya silinda ya pili, itie ya tatu, ya tatu itie ya pili, futa kodi, zunguka mjini. Ikirudi P0303, koili ndo mwizi, kahama na wizi wake. Ikibaki P0302 hamisha plagi hivyohivyo, na ikibaki tena ndo uanze kufikiria injekta na kompresheni. Hujanunua kitu, umeazima kwa jirani wa nyumba moja. Yangu ilibaki P0302 baada ya kuhamisha koili, ikahama nilipohamisha plagi, na nilipoiangalia vizuri juani ile plagi nikaona ufa kwenye kauri mwembamba kama unywele, na mstari mweusi pale cheche ilipokuwa inatorokea pembeni badala ya kushuka chini. Plagi moja. Wengine hapo tayari wangekuwa wamelipa koili, tena si ajabu koili bandia.

Mashine ina ila zake. Baadhi ya hizi gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe, hasa za mwanzo wa miaka ya 2000, zinakataa kuongea na kile kiadapta cha bei rahisi, pini zinaingia vizuri lakini simu inaandika haijaunganika, kwa hiyo kabla hujalipa ijaribu kwa gari yako palepale dukani usikubali maneno. Ila nyingine ni ya mafundi wetu, gari ikizima cha kwanza kabisa wanachomoa teminali ya betri "ili tuiriseti", na kodi zote zimefutika, umemuua shahidi kabla hajasema neno. Ukiita fundi mwambie kabisa, betri isiguswe mpaka tusome.

Na wenye magari ya zamani yasiyo na ile soketi wasijione yatima. Corolla yangu ilikuwa na kiboksi cheusi chini ya boneti, kifuniko kimeandikwa DIAGNOSIS, ndani kuna tundu zenye majina. Ukiunga TE1 na E1 kwa kipande cha waya halafu ukawasha swichi bila kupiga stata, taa ya injini inakuhesabia kodi kwa kumeta. Inameta mara moja, inapumzika kidogo, inameta mara nne, hiyo ni 14, na 14 ni ileile ishara ya ignaita isiyorudi. Kodi 12 ni kompyuta haipati ishara ya mzunguko kutoka distribyuta, hapo unashuku picap. Mashine ya bure, imekaa hapo tangu kiwandani, na mie nilinunua pampu. Ila soma majina ya tundu vizuri, ukikosea ukagusisha tundu lenye umeme wa betri utachoma fyuzi, ukiwa na bahati.

Sasa mita. Hii kwangu ndo ya kwanza kununua kama gari yako ina distribyuta, na hata kama haina bado utaihitaji. Ya dijitali ya kawaida inapatikana maduka ya hadwea, huhitaji ya bei kali. Watu wanaiogopa kwa sababu ya zile alama nyingi pale kwenye kitufe cha kuzungusha, lakini kazi yetu inataka sehemu mbili tu, volti za DC na omu, yaani ukinzani wa waya ama kifaa.

Anza na betri hata kama unadhani ni nzima. Ikiwa imetulia iwe 12.4 kwenda juu, halafu mtu akupigie stata wewe ukiangalia, isishuke chini ya 9.6 hivi. Nimeona gari stata inazunguka, kivivu lakini inazunguka, na moto hakuna, kumbe volti zimeshuka mpaka kompyuta imechanganyikiwa. Kisha washa swichi, pima kwenye upande wa chanya wa koili, upate karibu sawa na betri. Ukipata volti nane tisa kwa gari isiyo na rezista ya koili basi kuna mahali umeme unavuja ama unabanwa, swichi ya ufunguo, fyuzi, soketi iliyoota kutu.

Halafu kipimo ninachokipenda kuliko vyote na ambacho karibu hakuna anayekifanya. Weka mita kwa volti, kalamu nyeusi kwa hasi ya betri, nyekundu kwenye chuma tupu cha injini, petroli umeifunga kwa kutoa fyuzi ya pampu, halafu mtu apige stata. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri, nusu volti ikizidi sana. Ikisoma volti nzima ama zaidi, athi yako imeoza. Huku kwetu upepo wa kusi unavuma na chumvi yake miezi kadhaa mfululizo, na ile chumvi inakaa kwenye kila kichwa cha waya inafanya unga wa kijani, kwa macho waya unaonekana umefungwa vizuri kabisa na bolti imekaza, ndani hakuna kinachopita. Ukipaki karibu na bahari, ama gari yako inabeba mizigo ya kule kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, anza na athi kabla hujaanza na kitu kingine chochote. Fungua, sugua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu. Ignaita nyingi za nje zinapata athi yao kupitia bolti ile iliyozishika kwa bodi, kwa hiyo kutu chini ya bolti moja inakuuzia ignaita mpya usiyoihitaji.

Za omu sasa. Upande mdogo wa koili ya Corolla, ule unaopokea volti 12, ulisoma omu moja na kitu, upande mkubwa, ule wa kwenda kwa plagi, unakuwa elfu tisa mpaka elfu kumi na tano hivi. Waya za plagi, kila mmoja peke yake, kwa Toyota usizidi omu 25,000, ukisoma zaidi ama mita ikikataa kabisa huo umekatika ndani. Picap ya ndani ya distribyuta inakuwa mia mbili na kitu mpaka mia tano na kitu kutegemea ni ipi, muhimu isiwe sifuri wala isikatae. Hizo namba ni za vifaa baridi, vikiwa vya moto zinapanda kidogo, usishtuke. Ukimaliza hapo, umeme unafika, athi nzuri, koili nzuri, picap nzuri, na moto bado hakuna, aliyebaki ni ignaita. Mita haiwezi kuipima ignaita yenyewe, unamkamata kwa kuwaondoa wenzake wote. Mie nilimkamatia palepale Sabaki, nikalowesha kitambaa kwa maji ya kunywa nikaifunika ile ignaita dakika tano, maji yasiguse distribyuta, nikapiga stata ikawaka. Nilicheka peke yangu pale darajani, watu wa matatu wakaniangalia.

Mita inakosea wapi? Omu inakwambia waya haujakatika, haikwambii kama utastahimili volti elfu thelathini. Kifuniko cha distribyuta chenye ufa, ama waya wenye ganda lililochoka, vitapita mtihani wa mita vizuri kabisa. Vile unavipima kwa macho usiku, zima taa zote fungua boneti injini ikiwa inawaka, utaona vijicheche vya buluu vinatembea kwenye waya kama vimulimuli, na kama huvioni puliza ukungu wa maji kidogo kwa ile chupa ya kupigia pasi, usishike kitu kwa mkono. Msimu wa masika ndo haya yanatoka sana, gari inamisi alfajiri, jua likitoka imepona.

Na mita kwa koili za Probox haisaidii sana, transista imo ndani kwa hiyo ukipima omu utapata namba isiyo na maana. Soketi yake ina waya nne, mmoja unaleta volti 12, mmoja athi, mmoja amri kutoka kompyuta na mmoja jibu. Mita itakuhakikishia wa kwanza na wa pili, ambayo si haba, lakini ile amri ni mpigo wa volti tano wa kufumba na kufumbua, mita haiushiki vizuri. Na tafadhali usitie testa ya balbu kwenye waya za kompyuta, balbu inavuta umeme mwingi kuliko kompyuta inavyoweza kutoa. Tena usimruhusu fundi kutoboa waya kwa sindano ili apime. Labda kule bara inapita, hapa lile tundu ni mlango wa chumvi, baada ya miezi waya umeoza ndani ya ganda lake na hakuna atakayejua wapi.

Jambo moja kwa wote, wa mashine, wa mita, wa kuazima. Ile ya kushika waya wa plagi kwa mkono karibu na chuma uone cheche, hiyo ilikuwa ya enzi za poinzi, na hata wakati ule iliuma. Elektroniki inaweza kukutupa. Tena kupiga stata waya ukiwa unaning'inia hauna pa kwenda, volti zinapanda mpaka zitafute njia ndani ya koili yenyewe na unaiua ukiwa unaipima. Chukua plagi nzima ya akiba, itie kwenye waya, ifunge kwa chuma cha injini kwa klipu, petroli imefungwa, halafu uangalie. Na ujue cheche inayoruka nje kwenye hewa si ushahidi kamili, ndani ya silinda kuna mgandamizo na inahitaji volti nyingi zaidi kuruka nafasi ileile, koili dhaifu inaweza kukuonyesha cheche nzuri mkononi na ikashindwa kazini.

Kuazima. Hii ndo wasomi wanaidharau, wanaita kubahatisha, na kwa gari kweli ni kubahatisha kama unanunua kila unachojaribu. Lakini kwa tuktuk na bodaboda haina mpinzani. CDI ni kiboksi kidogo kinachomeka, kijana wangu akizimikiwa pale stendi kuna tuktuk kumi zinazofanana na yake, anaomba ya mwenzake dakika mbili, ikiwaka jibu lishapatikana, isipowaka anairudisha anasema ahsante. Mashine gani itakupa jibu kwa haraka hiyo, na tuktuk zenyewe hizi hazina hata pa kuchomeka mashine. Wenzetu wa Lamu wenye mashine za boti ni habari hiyohiyo, CDI ileile, ila nao kabla ya kuazima chochote waangalie ile kamba nyekundu ya kuzimia kama imekaa mahali pake, na wa tuktuk waangalie waya wa swichi ya kuzimia usiwe umechubuka ukagusa bodi, manake ukigusa bodi CDI nzima inanyamaza kwa adabu kabisa.

Ila kuna mtego na mie niliingia. CDI ya kwanza ilikufa, tukanunua ya pili, ikaishi wiki mbili. Ya tatu tuliazima kwa mzee mmoja jirani nayo ikafa siku ileile, ikabidi nimlipe mzee wa watu. Hapo ndo nikaleta mita, injini ikiwa inazunguka kwa kasi betri ilikuwa inapokea volti 16 na zaidi, inatakiwa 14 na kitu tu. Regyuleta, kile kinachozuia chaji isizidi, imekufa, inachemsha kila kitu. Kwa hiyo kabla hujaomba CDI ya mtu pima chaji kwanza. Na usidanganywe na soketi kufanana, kuna CDI za AC zinazokula umeme moja kwa moja kwenye koili ya magneto, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, na kuna za DC zinazokula betri, umbo linaweza kuwa moja na waya zikawa zimepangwa tofauti, ukilazimisha umeiua.

Sasa ukiniambia nikuwekee bega kwa bega. Gari ya distribyuta, mita kwanza bila kufikiri, kipande cha waya cha kusomea kodi kama ni Toyota ya aina ile, mashine usinunue utakuwa umenunua pambo. Probox, Fielder, Vitz na ndugu zao wenye koili juu ya kila plagi, mashine kwanza lakini jibu lake ulihakikishe kwa kuhamisha koili na plagi, mita iwepo kwa ajili ya betri, chaji na athi. Tuktuk na bodaboda, azima, na mita ya regyuleta. Gari inayozima ikipata joto na kupona ikipoa, chochote utakachotumia kitumie kabla haijapoa, la sivyo baki na hela zako. Gari inayomisi siku za mvua tu, hapo sihangaiki na kifaa chochote, kama ni ya distribyuta nanunua kifuniko chake, rota ya ndani yake na waya za plagi seti moja nalala.

Na kama unatoka hapa kwenda Mokowe, kupita Minjila na Witu, mahesabu yanabadilika tena, manake kule kati huna wa kumuazima na huna wa kukupimia. Mie nikiwa na Corolla nilibeba ignaita ya pili iliyokwishajaribiwa, si mpya ya kwenye boksi, iliyokwishajaribiwa, pamoja na plagi moja, mita, kitambaa na chupa ya maji. Kwa Probox nabeba koili moja na plagi moja na kile kiadapta. Spea ambayo hujaijaribu kwa gari yako ni bahati nasibu umeitia kwa buti.

Shemeji alinisikiliza yote hayo, akamaliza chai, akaenda akanunua mashine. Sikumlaumu, ana Probox. Wiki ya pili akanipigia yuko Casuarina gari haiwaki, stata inafanya tik tik, kaisoma mara tatu na simu inamwambia hakuna kosa lolote. Nikaenda na tuktuk. Unga wa kijani chini ya teminali ya hasi, mita ikaiona kwa sekunde tano, tukasugua kwa kisu cha kumenyea maembe ikawaka. Akaiomba mita akae nayo siku mbili tatu aizoee, na mpaka leo iko kwake.